Shilingi Mbili za Mzee wa Mashine

Wameivunja. Habari niliipata kwa picha iliyotumwa kwenye kundi la ukoo: greda la manjano, lundo la matofali, mabati yenye kutu yamepangwa pembeni yakisubiri mnunuzi. Chini yake mtu kaandika "Maendeleo hayo," wengine wakamjibu kwa dole gumba. Jengo lenyewe lilikuwa Mahakama ya Mwanzo ya mji wetu, mji mdogo wa mkonge kwenye reli ya Tanga, na sina hoja ya kulitetea. Lilivuja. Darini waliishi popo, na wakati wa masika hakimu alihamisha kiti kufuata pakavu huku mshtakiwa akiendelea kujieleza. Hilo jipya litakuwa na choo, kitu ambacho la zamani sikumbuki kuwa nacho. Waacheni wavunje.

Ila katika majibu yote niliyosoma chini ya picha ile, hakuna aliyemtaja mzee wa mashine. Vijana nawasamehe. Lakini wamo humo kundini watu wa rika langu, watu ambao mama zao waliweka dole gumba kwenye karatasi zake, nao wakaandika "Hongera serikali" wakapita. Ndicho kilichonifanya nikae kuandika.

Alikaa kwenye baraza ya mahakama, upande wa mashariki, ambako mwembe ulitia kivuli mpaka kama saa tano. Meza yake ilikuwa ya mninga, mguu mmoja umeungwa kwa bati. Juu ya meza palikuwa na mashine ya chapa aina ya Imperial, nyeusi, nzito, ambayo jioni ilibebwa na watu wawili kurudishwa ndani ya ofisi ya karani. Alikuwa zamani karani wa mishahara kwenye shamba la Mgiriki mmoja. Mgiriki alipofunga virago, makarani walilipwa haki zao kwa vitu: mmoja alipata kabati, mmoja saa ya ukutani, yeye akapata mashine. Ndivyo ilivyosimuliwa, na sikuwahi kusikia yeye akikanusha. Herufi "a" ya mashine ile ilikuwa imeziba tumbo kwa wino. Kwa kuwa Kiswahili hakiendi popote bila "a", barua zote za mji wetu zilizofika serikalini zilikuwa na madoadoa meusi ukurasa mzima, na nasikia huko wilayani walizitambua kabla ya kusoma anwani.

Mji wetu ulinuka korona. Asiyekulia kwenye mkonge hajui ninachosema: kiwanda cha kusaga majani ya mkonge, tulichokiita korona, hubakiza maji ya kijani na makapi, na makapi yakioza hutoa uchachu unaoingia mpaka kwenye mto wa kulalia. Sisi tulizoea, wageni ndio waliotema mate. Ndani ya uchachu ule, ukiikaribia baraza ya mahakama, ulikutana na harufu nyingine: kahawa ya yule muuzaji aliyegonganisha vikombe, maandazi ya iliki ya mama mmoja wa Kibondei, na karatasi ya kaboni. Kaboni mpya ikitolewa kwenye boksi lake ina harufu ya mafuta na masizi kwa pamoja. Leo si kila duka linayo. Nimewahi kuuliza, kijana wa kaunta akaniletea mkaa wa kuchorea.

Mteja alikaa kwenye kigoda, akaanza kusema. Mzee hakuigusa mashine. Alisikiliza mpaka mtu achoke mwenyewe, kisha akauliza maswali yake yaleyale: ilikuwa lini, nani mwingine aliona, na wewe ulifanya nini. Hilo la mwisho liliwakera watu. Aliyekuja kumshtaki jirani kwa kumpiga hakupenda kuulizwa kama naye alitukana kwanza. "Usiponiambia mimi hapa, utamwambia hakimu mbele ya watu," mzee alisema, akasubiri. Ndipo akaingiza fulskepu tatu na kaboni mbili katikati, akapiga kwa vidole vyote kumi, macho yake yako barabarani, sisi watoto tumesimama mgongoni mwake kutazama maneno yanavyoota.

Akimaliza alichomoa karatasi, akavaa miwani, akasema, "Nikusomee." Hakuna aliyeondoka bila kusomewa, hata mwalimu mkuu wa shule yetu, aliyekuwa na elimu kumzidi yeye. Alisoma polepole, kwa sauti iliyowafikia wote waliokuwa barazani, kwa hiyo siri haikuwepo. Mteja akisema, "Hapo sivyo," mzee alirudisha karatasi kwenye mashine, akalipiga neno lile x juu yake na kuandika jingine. Nakala moja ya hakimu, moja ya mdaiwa, moja yako. "Iweke panya wasikofika." Shilingi mbili.

Kuna mambo aliyoyakataa. Matusi hakuyaandika, hata mteja akiapa kwamba ndiyo maneno yaliyosemwa. Aliandika "alinitamkia maneno machafu", basi. Na kuna mashauri aliyoyarudisha yalikotoka: "Hili la balozi wako. Nenda kwa balozi, likimshinda njoo." Alipoteza shilingi mbili zake hivyo mara nyingi tu, mke wake akawa analalamika sokoni.

Balozi ninayemsema ni wa nyumba kumi, wa wakati wa TANU. Vijana wanamjua balozi kama mtu wa chama anayeonekana karibu na uchaguzi. Wa kwetu alikuwa mwanamke muuza vitumbua, na kabla jua halijatoka alishajua nani kalala kwa nani, nani kaletewa mgeni kutoka Mombasa na nani kapigana na mumewe. Sitaki kumpamba. Alikuwa mbeya, na wapo waliomwogopa, kwa sababu neno lake likifika juu lilikuwa na uzito ambao wewe hukuwa nao. Lakini kuku akipotea, ugomvi wa mpaka ukianza, mkopo wa unga usiporudi, alikaa nao barazani kwake mpaka liishe, na lilipoisha kila mtu wa nyumba kumi alijua limeishaje.

Lisiloisha lilikwenda kwa pilato, yaani pale mahakamani. Hakimu mmoja, wazee wa baraza wawili, kulia na kushoto kwake. Wa kulia alikuwa nokoa mstaafu wa shamba, wa kushoto mwalimu wa madrasa. Mawakili sheria iliwazuia kuingia Mahakama ya Mwanzo, kwa hiyo watu walijisemea wenyewe, na kwa kuwa mji wetu ulijaa manamba waliotoka Songea, Kigoma, Msumbiji na Burundi, walijisemea kwa Kiswahili cha kila namna. Hakimu aliandika ushahidi kwa mkono, akamsomea shahidi alichokiandika, shahidi akatia saini au dole. Kisha hakimu aliwageukia wazee na kuwauliza mmoja mmoja. Watoto waliruhusiwa madirishani mradi wasicheke.

Sasa niseme habari ya cherehani.

Ulikuwa mwaka wa unga wa yanga, ule wa manjano kutoka Marekani. Kaka yangu anashikilia 1974. Mimi nilisema 1975. Tukaitafuta stakabadhi ya cherehani, tukaikuta, imekatwa 1972, nayo haimsaidii yeyote kati yetu. Basi ubaki mwaka wa unga wa yanga.

Shangazi yangu alikuwa mshonaji. Alikuwa na Singer ya mkono, ile yenye kifuniko cha mbao, na ndiyo iliyotulisha baada ya kazi ya mkonge kuanza kuyumba. Usiku mmoja mwizi alitoboa ukuta wa udongo, akaitoa. Alfajiri shangazi alikuwa kwa balozi, na balozi aliacha vitumbua vyake kwenye mafuta akafuatana naye kituoni. Koplo aliandika, akapanda baiskeli, akaja kutazama tundu la ukuta, akauliza watu. Baada ya siku chache mashine ilionekana kambini kwa manamba, uvunguni, imefunikwa magunia. Kijana mmoja akakamatwa. Alikuwa na umri kama wa kaka yangu mkubwa, na mama yake alikuwa mkata mkonge.

Ninachotaka kisisahaulike ni baiskeli ya koplo. Alikuja kwa shangazi kumwambia mashine imepatikana. Akaja tena kumwambia lini kesi itatajwa. Ilipoahirishwa, alikuja kumwambia imeahirishwa, na kwa nini: shahidi wa kambini alikuwa amelazwa Bombo. Hakuombwa na hakupewa kitu zaidi ya chai, naye chai aliinywa amesimama, mguu mmoja uko kwenye pedali. Cherehani ikawa kielelezo, imefungwa kikaratasi chenye namba, na shangazi hana cha kushonea. Mzee wa mashine akamwandikia hakimu barua kwamba mlalamikaji anaishi kwa chombo hicho, aazimwe kwa ahadi ya kukileta kila kesi inapoitwa. Hakimu akakubali. Tangu siku hiyo, kila tarehe ya kesi, shangazi alitoka nyumbani na cherehani kichwani, akavuka reli, akaingia nayo mahakamani, akaiweka mezani kwa hakimu, na jioni akarudi nayo. Wateja wake walijua: siku ya kesi hakuna nguo.

Kijana alitiwa hatiani. Wazee wote wawili waliona ameiba, hakimu naye, akapelekwa gerezani. Shangazi alipika pilau.

Haikupita muda mrefu, shangazi akipita mbele ya mahakama kwenda sokoni, akamwona mama wa yule kijana amekaa kwenye kigoda, na mzee wa mashine amevaa miwani anamsomea. Rufaa. Shangazi alisimama pale pale na kapu lake.

"Mzee, si wewe uliyeniandikia mimi?"

"Ni mimi."

"Na leo unamwandikia mwizi wangu?"

"Wewe ulilipa shilingi mbili," mzee akasema. "Mama huyu naye kalipa shilingi mbili."

Shangazi hakumsalimia kwa muda mrefu baada ya hapo, na sisi watoto tulikatazwa kusimama mgongoni mwa mashine.

Rufaa ilisikilizwa wilayani, na kijana akaachiwa. Koplo ndiye aliyeleta habari, kwa baiskeli ileile, na safari hii hakupewa chai. Shangazi alikwenda kuchukua nakala ya hukumu, karatasi zilizochapwa vizuri, kwa Kiingereza. Hakujua Kiingereza. Alizibeba mpaka kwenye baraza ya mashariki, akazitupa juu ya meza ya mninga, akasema, "Haya, umefurahi?" Mzee akavaa miwani. "Kaa. Nikusomee."

Nilikuwepo, marufuku ya kusimama nyuma yake siku hiyo ilisahaulika. Alisoma sentensi kwa Kiingereza kimoyomoyo, midomo inacheza, kisha akaisema kwa Kiswahili. Shangazi alimkatiza kila mara. Hakimu wa wilaya kasema chumba ilikopatikana cherehani walilala watu wanne, na watatu hawakuulizwa kitu. "Watatu walikuwa shamba!" Inawezekana, mzee akamjibu, lakini nani alilisema hilo mahakamani? Kimya. Hakimu kasema kijana alikiri akiwa mikononi mwa polisi, na hayo hayawezi kuwa ushahidi wa kumfunga. "Kwa nini yasiwe? Si amesema mwenyewe?" Mzee akageuza ukurasa. Akasema imeandikwa hapa kwamba kijana alipofikishwa mahakamani alikuwa na majeraha mgongoni, na hakuna aliyeeleza ameyapata wapi.

Shangazi hakujibu hilo. Nyumba yetu haikuwa mbali na kituo. Usiku ule wa kukamatwa kwa kijana tulisikia, sote, na shangazi ndiye aliyefunga dirisha.

Waliendelea hata baada ya kivuli cha mwembe kuwahama. Mwisho shangazi akauliza, "Kwa hiyo hakusema kijana hakuiba."

"Hakusema."

"Kasema hawakuthibitisha."

"Ndivyo."

Alizikunja zile karatasi, akazitia ndani ya kifuniko cha cherehani, na zilikaa humo mpaka alipofariki. Hakukubaliana na ile hukumu maisha yake yote. Aliweza kukutajia kosa lake lilipo, kama mtu aliyeisomea sheria. Na bado mtu wa mtaani akidhulumiwa, shangazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwambia, "Nenda kwa mzee wa mashine, nenda mahakamani." Nilikuwa mtu mzima nilipoanza kushangaa. Hiyo mahakama ilimshinda! Wasomi hutuambia watu hupoteza imani na vyombo vya haki kwa sababu ya kuonewa. Shangazi alijiona ameonewa, na imani hakuipoteza, kwa sababu alipewa sababu, kwa lugha yake, na mtu aliyekubali kubishana naye mpaka saa saba mchana.

Hapo nakoma kidogo, maana najua nilivyo rahisi kuipaka sukari enzi ile. Imani niliyoiona ilikuwa ya kwetu sisi tulioishi upande wa cherehani. Sijui, na sikuuliza, mama wa yule kijana aliliitaje lile jengo la kituo alipopita na kisu chake cha mkonge alfajiri. Koplo wa baiskeli, aliyekunywa chai amesimama, alikuwa zamu usiku ule. Wazee wenzangu wanapoketi na kusema zamani polisi walikuwa watu, nataka wanijibu: watu kwa nani? Enzi hizo palikuwa na watu waliowekwa kizuizini kwa saini moja, bila kesi, na familia zao hazikuwa na mzee wa mashine wa kuwasaidia. Kilichokuwa kizuri kwetu ni kwamba mlango wa kuuliza ulikuwepo, na mama mkata mkonge aliupitia kwa bei ileile aliyoilipa shangazi.

Mlango huo niliuona ukifungwa kwa mara ya kwanza 1983, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Wafanyabiashara wa mji wetu walikamatwa, sukari na khanga zikatupwa vichakani usiku, mnayajua. Wake zao walikuja barazani kwa mzee wa mashine, mmoja baada ya mwingine, na yeye, kwa mara ya kwanza, hakuwa na pa kuielekeza barua. Ile ilikuwa mahakama maalumu: dhamana hakuna, wakili hakuna, rufaa hakuna. Aliwasikiliza wote na hakuandika kitu. Sheria ile ilibadilishwa mwaka uliofuata, lakini nadhani mzee alikuwa ameshachoka. Riboni nazo zilikuwa hazipatikani. Alikuwa akizilowanisha kwa mafuta ya taa zitoe wino uliobaki, na madoa ya "a" yakawa kijivu. Alifariki mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mashine iliuzwa kama chuma chakavu.

Mimi nilikuwa nimehamia Dar es Salaam. Ya huko nitayasema haraka kwa sababu kila msomaji anayo yake. Tulivunjiwa nyumba na wezi. Kwenye kituo kimoja cha polisi nikapewa RB, namba ya taarifa yangu, nikaambiwa nilete karatasi za kuandikia maelezo, nikaleta. Nikaambiwa gari halina mafuta. Nikanunua. Nikaambiwa mpelelezi amehamishwa na faili liko kwake. Sikurudi, na nadhani kutorudi kwangu ndiko kulikokuwa kunasubiriwa. Tume ya Warioba ilipotoa ripoti yake kuhusu rushwa 1996 na kuwataja polisi na mahakama miongoni mwa wanaowakamua raia, mtaani kwetu hakuna aliyeshangazwa na yaliyomo. Tulishangaa tu kwamba yameandikwa na kupigwa muhuri.

Usukumani hawakungoja tume. Walianzisha sungusungu tangu mwanzoni mwa miaka ya themanini, maana ng'ombe aliyeibwa hasubiri upelelezi ukamilike. Mjini tukapata kitu kibaya zaidi, ambacho magazeti yalikipa jina la adabu: wananchi wenye hasira kali. Kila asubuhi walikuwepo kwenye kurasa za ndani, wameua mtu kwa tairi na petroli, na hakuna aliyewahi kuwajua kwa majina. Mji wetu wa korona ulikuwa na wezi wa kutosha, lakini nilikua nikiona mwizi anayefukuzwa akikimbilia kituoni, na waliomfukuza wakiishia langoni. Walipewa ahadi pale langoni, nao wakaisadiki: mtaitwa kutoa ushahidi. Waliitwa.

Kisha 2006, wafanyabiashara wa madini wa Mahenge wakauawa mikononi mwa polisi. Mwaka huohuo tukaletewa Polisi Jamii, semina, fulana, ulinzi shirikishi. Mabango yakabandikwa ukutani vituoni kwamba dhamana ni haki na haiuzwi, kwamba PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ni bure. Bango likisema kitu hakiuzwi, msomaji anajua kinauzwa. Miaka ikapita, mengine yakatokea, mengine mabaya kuliko ya Mahenge, na ya karibuni kabisa hayahitaji mimi niyakumbushe.

Nisiwe mnafiki: yapo yaliyotengenezwa. Mwaka 2021 sheria iliifanya lugha yetu kuwa lugha ya mahakama, si ya ile ya chini peke yake, na Kiingereza kikaachiwa nafasi pale inapobidi. Ningependa shangazi angekuwepo. Hukumu sasa zinawekwa kwenye mtandao wa TanzLII, yeyote mwenye simu asome. Mwaka 2023 tume ya haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilizunguka nchi na mwezi Julai ikakabidhi ripoti. Miongoni mwa mapendekezo yake, polisi waache kuwa jeshi wawe chombo cha huduma. Naunga mkono. Nasubiri nione nani atakuja kwa baiskeli.

Mpwa wangu ni wakili, tena mpya, joho bado lina mikunjo ya dukani. Mawakili sasa wanaruhusiwa Mahakama za Mwanzo zenye hakimu mkazi, kwa hiyo huwa anazunguka huko. Nilimwonyesha picha ya greda, nikamsimulia habari za mzee. Akasikiliza kwa heshima, kisha akauliza, "Kwa hiyo mjomba, alikuwa wakili kishoka?"

Nilikasirika kuliko ilivyostahili. Nikamwambia kishoka ni yule anayekula pesa za watu kwa kujifanya kitu asicho. Huyu hakujifanya kitu. Aliandika ulichosema, akakusomea. Akaniambia siku hizi ipo mifumo, mashauri yanafunguliwa kwa kompyuta, mteja anapata ujumbe kwenye simu. Nikamwambia vizuri sana, na huo ujumbe unasemaje? "Unasema shauri limeahirishwa mpaka tarehe fulani." Na kwa nini? Akacheka.

Kisha akaacha kucheka, akanipa habari yake mwenyewe. Alikuwa na mteja, kijana aliyekaa mahabusu muda mrefu kwa kosa lisilo na dhamana. Kila walipokwenda, upelelezi haujakamilika. Asubuhi moja mwendesha mashtaka akasimama na kusema Mkurugenzi wa Mashtaka hana nia ya kuendelea na shauri. Sentensi moja. Kijana akatoka. Nje, chini ya jua, mama yake akamshika mpwa wangu mkono, akamuuliza: kama hakuna kesi, kwa nini walimweka? Na kama ipo, kwa nini wamemwachia?

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia, mama, ushukuru Mungu mtoto ametoka."

Nikamwambia mzee wa mashine asingethubutu kumjibu mtu hivyo.

"Mjomba," akasema, "ningemsomea nini? Hakuna kilichoandikwa."

Ni kweli. Sheria inampa Mkurugenzi wa Mashtaka uwezo wa kuondoa shauri bila kulazimika kutoa sababu, na masheikh wa kundi la Uamsho la Zanzibar walipoachiwa Juni 2021, baada ya miaka mahabusu, nchi nzima ilibaki na swali lilelile la yule mama. Viongozi huja majukwaani kutusihi wananchi tujenge imani na vyombo vya haki. Hao waliokwenda nyumbani bila kuambiwa kitu, waijenge kwa udongo gani?

Nimemshauri mpwa wangu aandike barua. Aulize kwa Kiswahili, kwa niaba ya yule mama, kijana aliwekwa kwa nini na kaachiwa kwa nini. Atoe nakala tatu. Jibu likija, amkalishe mama amsomee mpaka aishiwe maswali. Lisipokuja, amsomee ile ya kuuliza, ajue kwamba iliulizwa. Amesema atalifikiria. Ada ya kesi ile ilishalipwa yote, anasema, na ana wateja wengine wanaosubiri.